NILIMVUA VIATU KWENYE THELUJI

Huku Mingoyo jua linawaka hadi njia panda muuza samaki kajitwika ndoo. Barafu ninayoijua mimi ni ya ukwaju. Lakini wiki nzima nilikuwa Kanada, natetemeka!

Basi bwana, mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, kaja na kompyuta yenye gemu la The Long Dark, la kampuni ya Hinterland ya Kanada, lililotoka kamili 2017. Unajikuta peke yako porini, baridi ndiyo adui mkubwa. Mimi mtundu. Nikamvua jamaa glavu na viatu makusudi, nikamsimamisha kwenye dhoruba. Hatari ikapanda asilimia kwa asilimia. Ilipofika mia, uhai wake ukamegwa kipande, na hata umwoteshe moto vipi haurudi. Nikacheka, nikaanza upya.

Mdogo wangu hakucheka. Mwezi ujao anakwenda Moshi kutafuta upagazi wa Mlima Kilimanjaro, wale wanaoitwa wagumu. Kuna kambi kule inaitwa Barafu, zaidi ya mita 4,600. Jina lenyewe linatosha, jamani! Na yeye ana raba moja, imetoboka.

Ikabidi niulizie mambo ya kweli. Kumbe baridi ikizidi, mwili unabana mishipa ya vidoleni ili damu ya moto ibaki kwa moyo na ubongo. Vidole, pua na masikio vinaachwa vijitetee. Kwanza vinachoma, halafu ganzi. Hapo usidhani umepona, nyama inaganda! Usisugue. Usivioteshe motoni, maana utaungua bila kusikia. Ni maji ya vuguvugu, nyuzi 37 hadi 39, tena uwe mahali ambapo havitaganda upya, kisha hospitali mbio. Vikishakufa vinakatwa, na hakuna kuanza upya.

Nikamwambia akifika Moshi aulizie Kilimanjaro Porters Assistance Project, ipo tangu 2003, inaazima wapagazi nguo za baridi bila malipo. Akaitikia kwa kichwa tu, halafu akaniuliza:

"Kaka, mbona jamaa wako ulimvua viatu?"

Sikuwa na jibu. Juzi usiku nikamkuta kawasha gemu peke yake, kimya. Jamaa wa mle ndani kavaa soksi pea mbili.