Kufikika si kuzoeana: somo kwa wenye maduka na wenye hisa

Mfanyabiashara anayetaka kujua hali ya biashara yake huanza na daftari la mauzo, kisha ghala, kisha deni la benki. Wachache huuliza swali ambalo huenda likawa ghali kuliko yote: mtunza ghala akigundua kasoro, atamwambia nani, na baada ya siku ngapi?

Pale bosi anapoogopwa, hamwambii mtu. Chukua duka la jumla lenye mifuko 200 ya sukari. Paa likivuja Jumatatu na kulowesha mfuko mmoja, hasara ni ya mfuko mmoja. Mtunza ghala anayeogopa kufokewa atausogeza nyuma na kunyamaza. Ikifika Jumamosi imelowa mifuko 10. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na kifo cha biashara huanza na habari mbaya isiyomfikia mwenye mali.

Tatizo hili si geni Tanzania. Mwaka 1970 Waraka wa Rais Namba 1 uliagiza mashirika ya umma yaunde mabaraza ya wafanyakazi ili watumishi wapate mahali pa kusemea. Februari 1971 chama cha TANU kikatoa Mwongozo, na kifungu chake cha 15 kikakemea viongozi wenye kiburi na dharau. Katika miaka michache iliyofuata wafanyakazi wa viwanda kadhaa waligoma, na madai yao hayakuwa ya mishahara tu. Walilalamikia pia lugha na vitendo vya mameneja. Wapo mameneja waliofungiwa nje ya ofisi zao. Cheo, gari na karani wa mlangoni havikuwasaidia.

Hata hivyo, meneja akifungiwa nje, uzalishaji nao unaweza kuyumba. Kazi isiyo na mtu wa kutoa uamuzi haiendi. Ndiyo maana dawa ya ubabe haiwezi kuwa ulegevu.

Hapa ndipo mabosi wengi vijana wanapoteleza. Wanadhani kufikika maana yake ni kuzoeana. Bosi anamkopesha huyu kutoka kwenye droo ya mauzo, anamruhusu yule kuchelewa kwa kuwa ni mpwa wake, na kila mmoja anajua siri ya mwenzake. Siku anapotaka kumwonya mmoja, anaambiwa amebadilika. Na kweli, kwa macho ya mfanyakazi amebadilika, kwani jana hapakuwa na sheria.

Kinacholinda mamlaka ni utaratibu unaojulikana mapema na unaomgusa kila mtu, mpwa akiwamo. Umbali kati ya bosi na mfanyakazi hauwezi kufanya kazi hiyo. Kama mkopo wa mshahara una kiwango na tarehe yake, bosi anaweza kusema hapana huku akicheka na mtu, na hakuna atakayeona ameonewa. Wote wasikilizwe, lakini mmoja aamue, na akishaamua aeleze sababu. Anayestahili kukaripiwa aitwe pembeni, si mbele ya wateja.

Sheria nayo inataka hivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayemwachisha mtu kazi awe na sababu ya haki na afuate utaratibu wa haki. Bosi aliyeongoza kwa hasira, au kwa urafiki, hufika mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi akiwa hana hata barua moja ya onyo ya kuonyesha. Hapo hasira yake hugeuka kuwa fidia, na fidia hutoka kwenye mtaji.

Kwa hiyo mwekezaji mdogo anayeombwa kuingia ubia asiishie kwenye hesabu alizoandaliwa. Akae dukani saa moja. Aangalie kama wafanyakazi wanamletea bosi habari mbaya bila kutetemeka, na kama bosi akisema hapana, inabaki hapana. Likikosekana moja kati ya hayo mawili, fedha zake zisubiri.