Machozi ya Korea, Kidonda cha Bugarama

Tamthilia ya Korea Kusini, Crash Landing on You, ilimalizika Februari 2020 kwa sehemu yake ya 16. Askari wa Kaskazini na mwanamke tajiri wa Kusini, waliotengwa na mpaka, wanaishia kukutana Uswisi majuma mawili tu kila mwaka. Wakorea hawakukificha kidonda cha nchi yao, walikitungia hadithi.

Ni upuuzi kumlaumu mwananchi wa Bugarama aulilie mwisho huo. Wa kulaumiwa ni watunzi na vituo vya televisheni nchini. Jirani na mgodi wa Bulyanhulu wako wake ambao waume zao huifuata dhahabu miezi na miezi. Hao hawana Uswisi. Ni nani atakayewatungia mwisho wao?