Mtihani wa Novemba Hauanzi Novemba



Liko neno linalotembea katika maduka ya Katoro na katika mialo ya kuoshea mchanga wa dhahabu, nalo huvaa vazi la busara: "Mwache mtoto atusaidie kwanza. Mtihani ni Novemba, atasoma ukikaribia." Twalisikia hata katika nyumba za wazazi waliosoma. Nataka kulipinga waziwazi, kwa kuwa ni uongo, na deni lake hulipwa na mtoto.

Kwanza ni uongo wa hesabu. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kijana asipimwe kwa karatasi ya mwisho peke yake, na tangu mwaka 1976 kazi za shuleni zikahesabiwa nusu ya alama. Siku hizi fungu hilo limepunguzwa, lakini halikufutwa: ni alama 30 katika 100, na karatasi za Novemba huchukua 70. Hizo 30 huanza kukusanywa tangu upimaji wa Kidato cha Pili, zikaendelea katika Kidato cha Tatu, hata mtihani wa majaribio wa mwaka wa mwisho, ule ambao watoto huuita moko. Haya, tuwatazame vijana wawili waliopata sawasawa, 35 katika zile 70. Mmoja alikuja na akiba ya 14. Jumla yake ni 49, naye ana C. Mwenzake, aliyekuwa akitumwa sokoni siku za kazi za darasani, alikuja na 6. Jumla ni 41, naye ana D. Kwenda Kidato cha Tano hutaka walau masomo matatu ya C au zaidi. Basi alama nane tu, zilizopotea mchana kweupe, zaweza kumfungia mlango, wala hakuna taa ya kukeshea iwezayo kuzirudisha.

Tena ni uongo juu ya akili ya mwanadamu. Mwaka 1885 Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alitangaza kazi aliyoifanya juu ya nafsi yake: alijifundisha silabi zisizo na maana yoyote, safu kwa safu, kisha akapima zimebaki ngapi kichwani baada ya saa, baada ya siku, baada ya mwezi. Akaona kwamba mengi hupotea upesi mwanzoni, na kwamba marudio yaliyotawanywa siku nyingi hushinda yaliyorundikwa siku moja. Mkulima hashangai akisikia hayo: mvua ya mwezi mzima ikinyesha usiku mmoja hailishi shamba, huchukua udongo.

Kwa hiyo kudurusu si kusinzia juu ya daftari na kugeuza kurasa. Ni kufunga daftari, kuandika kwa maneno yako, mathalan, jinsi damu inavyozunguka mwilini, au sababu za Vita vya Maji Maji vya 1905 hata 1907, kisha kufungua uone umesahau nini. Na kurudia baada ya siku mbili, baada ya juma, baada ya mwezi. Kwa watoto wetu kazi hii ni maradufu. Karibu masomo yote ya sekondari hutahiniwa kwa Kiingereza, nao shule ya msingi walisoma kwa Kiswahili, tena wengi nyumbani husema Kisukuma au Kizinza. Ajuaye jambo bila kuweza kulisema kwa lugha ya karatasi huhesabiwa hajui. Lugha haijengwi kwa majuma matatu ya Oktoba.

Wako watakaonijibu kwamba shule huweka kambi. Kambi ni njema kwa mwenye kitu cha kurudia. Asiye nacho hukariri majibu ya mitihani ya zamani kama kasuku, na swali likigeuzwa kidogo tu, amekwisha.

Wengine watasema maisha ni magumu. Sisemi na mjane anayeponda mawe apate unga. Huyo tumsaidie, tusimhukumu. Nasema na mwenye duka lenye mabati mapya, awezaye kuajiri mtu wa kulipwa, lakini amwona binti yake ni rahisi zaidi. Ada ilifutwa tangu 2016; naye akiisha kusamehewa ada, humtoza mwanawe siku. Siku moja kwa juma, tokea Januari hata Oktoba, ukiisha kutoa likizo, zapita 30, yaani majuma sita ya shule. Ama kumpeleka duarani au kwenye karasha ni neno jingine kabisa, maana Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yakataza kumtia mtoto katika kazi ya hatari.

Mwanzoni mwa 2013, ilipotangazwa kwamba watoto zaidi ya 240,000 wamepata sifuri katika mtihani wa 2012, nchi nzima ililia. Tume ikaundwa, matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Kilio kile kilikuwa na haki. Lakini ni wangapi katika waliolia waliopata kufungua daftari la mtoto wao mwezi wa Mei wa mwaka ule?

Naomba basi jambo moja. Mkutano wa wazazi wa Kidato cha Nne ufanywe mwezi wa Mei, wala usingoje moko. Kitabu cha mahudhurio kifunguliwe mbele ya kila mzazi, aone siku ambazo mwanawe alikosa na alama alizokwisha kupata, ajibu mwenyewe mtoto alikuwa wapi. Walimu nao walete madaftari waliyoyasahihisha, tuyaone. Tangu Mei hata Novemba ni miezi sita.