Bandari Juu ya Meza: Hoja kwa Zana Zinazojengwa na Watoto

Miongoni mwa kasoro zinazojitokeza mara kwa mara wakati wa mazoezi ya kufundisha, iliyo kubwa zaidi si uhaba wa zana, bali ni kuzifanya zana kuwa pambo. Mwanachuo hukesha akichora na kupaka rangi. Asubuhi huitundika kazi yake ukutani, mkufunzi msimamizi huiona na kuitolea alama, na siku ya kuondoka zana hiyo huviringishwa na kutiwa kabatini. Watoto waliokusudiwa kunufaika nayo hawakuigusa hata kwa kidole. Katika makala haya tunakusudia kutoa hoja kwamba zana bora ya shule ya msingi ni ile ambayo wanafunzi wenyewe wameijenga kwa mabaki, na ambayo, ikiisha kujengwa, huwapa tatizo la kutatua. Mfano wetu ni bandari ndogo yenye reli, inayotosha juu ya meza moja ya darasa.

Kwa nini bandari?

Huenda msomaji akauliza: bandari ina uhusiano gani na mtoto wa Holili, aliyezaliwa kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mbali na bahari? Uhusiano upo, tena ni mkubwa. Mtoto huyu huona malori yakivuka kwenda na kutoka Taveta kila siku ya maisha yake. Lakini ukimwuliza bidhaa zile zinatoka wapi, mara nyingi atakujibu, "Zinatoka mpakani," kana kwamba mpaka ni shamba linalozaa saruji na sabuni. Ameona njia, wala hakuoneshwa mwanzo wake. Somo la jiografia linalomwacha katika hali hiyo halijamfundisha mazingira yake, hata kama ameweza kukariri majina ya bandari zote za Afrika Mashariki.

Historia ya mahali penyewe inatusaidia. Reli ya kutoka Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893 katika utawala wa Wajerumani. Ilifika Korogwe mwaka 1902, na Moshi mwaka 1911, umbali wa kilomita 352. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, Waingereza walijenga reli nyingine kutoka Voi kupita Taveta, na reli hizo mbili zikaunganishwa Kahe, kusini-magharibi ya Holili. Kwa hiyo mtoto wa Holili yuko katikati ya bandari mbili, Tanga na Mombasa, na kahawa ya babu yake iliweza kuifikia bahari kwa njia yoyote kati ya hizo. Kipande cha Kahe hadi Taveta hakijapitiwa na treni kwa miaka mingi. Lakini kwenye njia ya Moshi treni za abiria kutoka Dar es Salaam zilirejea mwezi Desemba 2019, baada ya kusimama kwa muda mrefu. Haya si mambo ya mbali. Ni mambo yaliyo nyuma ya nyumba.

Somo la skeli

Wengi wanaojaribu kujenga mfano wa reli hukwama kwa sababu wanataka kuonesha kila kitu. Hapa ndipo hesabu inapoingia, na hatuoni sababu ya mwalimu kumfanyia mtoto hesabu hiyo.

Tuseme tumechagua sentimita 1 iwakilishe mita 1. Skeli hii ni rahisi, na Darasa la Nne wanaimudu. Njia yetu ya reli, ambayo kwa hakika ina upana wa mita 1 kutoka chuma hadi chuma, itakuwa na upana wa sentimita 1. Behewa la mita 10 litakuwa na sentimita 10. Mtu mzima atakuwa na kimo kisichofika sentimita 2. Sasa waulizwe: reli nzima ya Tanga hadi Moshi itahitaji meza ya urefu gani? Watagundua wenyewe kwamba jibu ni kilomita 3.52, yaani meza itatoka darasani, itapita uwanja wa shule na kuendelea vijijini. Kicheko kitakachofuata ni sehemu ya somo, asikizuie mwalimu.

Meli nayo italeta tatizo jingine. Meli ya mita 150 itakuwa na sentimita 150, nayo meza yetu ni ya sentimita 120. Wanafunzi wajadili la kufanya. Wengine watapendekeza jahazi la mita 15, ambalo litakaa vizuri. Wengine watataka ubavu tu wa meli uliokatwa katika kartoni na kusimamishwa kando ya gati. Wengine, wakiambiwa kwamba kwa miaka mingi meli kubwa zilitia nanga mbali na gati la Tanga na shehena ikahamishwa kwa matishari, watachagua tishari. Hapo mwalimu ataeleza kwa nini serikali ilianza kazi ya kuongeza kina cha bandari ile mwaka 2019 hadi kufikia mita 13, na wanafunzi watapima sentimita 13 kutoka ukingo wa gati kwenda chini ili waone kina hicho kwa macho. Kila jibu miongoni mwa hayo ni sahihi, na kila moja lina sababu. Mtoto aliyechagua na kutetea uchaguzi wake amefika mbali kuliko aliyenakili mchoro ubaoni.

Umbali wenyewe usiachwe. Utandazwe ukutani kwa uzi, sentimita 1 kwa kilomita 1, na uzi utakuwa wa mita 3.52 barabara. Vifungwe mafundo mahali pa Korogwe, Same na Kahe, na mwaka wa reli kufika Korogwe na Moshi uandikwe kwenye vipande vya karatasi. Kisha wagawanye kilomita 352 kwa miaka 18: wataona kwamba ujenzi haukufikia hata kilomita 20 kwa mwaka, nao watauliza kwa nini. Swali hilo lina thamani kuliko jibu lolote tutakaloliandika ubaoni.

Mabaki na kazi ya mikono

Vifaa havinunuliwi. Mpakani maboksi ya kartoni hutupwa kila siku. Kwa seremala kuna vipande vya mbao visivyomfaa tena. Nyumbani kuna maboksi ya viberiti, vizibo vya soda, ndala zilizokatika na vipande vya waya. Uji mzito wa muhogo hufanya gundi. Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima.

Njia ya reli hutengenezwa kwa tabaka mbili za kartoni: ya chini ni nzima, na ya juu hukatwa vipande vinavyogundishwa vikiacha mfereji mwembamba katikati. Chini ya kila behewa huchomekwa vijiti viwili vifupi vinavyopita ndani ya mfereji huo. Pembeni mwa mfereji huchorwa vyuma vya reli, na mataruma hufanywa kwa njiti za kiberiti zilizokwisha kutumika. Mabehewa huunganishwa kwa kulabu ndogo za waya. Hakuna umeme, hakuna mashine. Injini husukumwa kwa mkono, na mahali mfereji unapogawanyika mkono ndio unaochagua njia.

Yapo mambo mawili ya kukatazwa. Kwanza, mabati ya makopo yenye kingo kali yasikatwe na watoto, wala betri zilizokwisha zisipasuliwe. Pili, na hili ni la malezi, asiwepo mtoto atakayeleta darasani msumari wala skrubu iliyong'olewa katika reli halisi, hata ile isiyopitiwa na treni. Mabaki ni kile ambacho mwenyewe amekitupa. Mali ya umma si mabaki.

Tatizo la kutatua

Bandari ikiisha, kazi ndiyo imeanza. Njia moja itoke kwenye ukingo wa meza, iwe na nafasi ya injini na mabehewa mawili, kisha igawanyike kuwa njia tatu: ya gatini, inayochukua mabehewa matatu, ya ghalani, mawili, na ya uwanjani, mawili. Mabehewa yawe matano: la kahawa, la mkonge, la saruji, la mbolea na la mafuta. Mwanafunzi huvuta kadi tatu kutoka kwenye kopo, na kadi hizo humwambia ni mabehewa gani yaunganishwe na kwa mpangilio gani. Behewa la kuachwa Korogwe liwe mkiani, la Same lifuate, na la Moshi liwe karibu na injini, kwa kuwa la kwanza kuachwa ndilo linalopaswa kukatika kwa urahisi. Hairuhusiwi kuinua behewa. Yote yafanyike kwa kusukuma na kuvuta.

Mtindo huu si wetu. Ulibuniwa na Alan Wright, Mwingereza aliyependa reli ndogo za mfano, na kwa asili hutumia mabehewa manane ambayo matano hupangwa. Tumeupunguza ulingane na umri wa wanafunzi. Waulizwe ni mipangilio mingapi inayowezekana: nafasi ya kwanza ina machaguo 5, ya pili 4, ya tatu 3, jumla 60. Mtindo wa asili hutoa 6,720. Mtoto aliyewahi kuhangaika na behewa la saruji lililozibwa na la mafuta hatasahau kwa nini tunazidisha badala ya kujumlisha.

Pingamizi

Tunajua yatakayosemwa. Litasemwa kwanza kwamba darasa lina watoto 70 na meza ni moja. Ni kweli, na ndiyo maana kazi igawanywe: kundi moja lijenge, la pili lipime, la tatu liandike hati za shehena, la nne liendeshe, kisha wabadilishane. Litasemwa pia kwamba huu ni mchezo. Ni mchezo, lakini wenye kanuni, kipimo na hesabu, na hatujui sheria ya elimu inayokataza mtoto kufurahia kujifunza. Pingamizi zito ni la muda, kwa kuwa mtihani haungoji. Hatulipuuzi. Lakini tuhesabu kwa haki: vipindi vya skeli, vya usafirishaji, vya kuzidisha na vya kazi za mikono vyote vimo katika mafunzo ya mwaka. Bandari haiongezi mada mpya. Inaziweka mada hizo juu ya meza moja. Mwalimu asiye na nafasi ya wiki tatu afanye uzi wa ukutani peke yake, au mchezo wa mabehewa kwa kuchora sakafuni kwa chaki.

Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka shule zijenge akili yenye kuuliza. Akili hiyo haijengwi kwa picha nzuri iliyotundikwa juu mno hata mkono wa mtoto usiifikie.

Basi, ndugu wanachuo, mnapojiandaa kwenda shuleni kwa mazoezi yenu yajayo, ombi letu ni hili: nendeni na zana ambayo haijakamilika. Chukueni kartoni, kisu, rula na swali moja zuri, na mengine wayaongeze watoto. Na siku ya kuondoka, msiitie kabatini. Iacheni mezani, na atakayewapokea ataikuta ikitumika.