Coltan ya Masisi na hidrojeni ya jua: Congo isibaki kwenye mashimo tu

Jina la Rubaya likitajwa, watu huwaza simu na vita. Machimbo hayo ya Masisi, Kivu ya Kaskazini, hutoa karibu 15% ya coltan ya dunia. Wachache wanajua kwamba tantali, chuma kinachotolewa ndani ya coltan, kinatumiwa pia katika maabara za Japani. Huko watafiti wanatafuta namna ya kupasua maji kwa mwanga wa jua ili wapate hidrojeni, gesi inayowaka bila moshi.

Kazi hiyo si ya jana. Mwaka 1972, Fujishima na Honda walionyesha kuwa oksidi ya titani inaweza kupasua maji ikipigwa na mwanga. Lakini inatumia tu mwanga ambao macho hayauoni, usiofika hata sehemu 10 kwa 100 za nguvu ya jua. Mwaka 2021, kundi la Kazunari Domen lilitangaza matokeo ya mitambo ya namna hiyo ya mita 100 za mraba: kwa sehemu 100 za nguvu ya jua, hata 1 haikugeuka hidrojeni. Paneli za kawaida za umeme hutoa karibu 20. Kwa hiyo anayewaahidi wakaaji wa Goma kwamba kesho gesi hiyo itachukua nafasi ya makala ya Virunga, anawadanganya.

Tantali inaleta tofauti. Oksidi yake ikichomwa ndani ya amonia inakuwa unga mwekundu unaokamata mwanga unaoonekana, ule wenye karibu nusu ya nguvu ya jua. Mwaka 2018 unga huo ulipasua maji bila kusaidiwa na umeme. Hidrojeni ilikuwa kidogo mno, na unga wenyewe huharibika upesi majini.

Kazi bado, basi, na wakemia wa Congo wana nafasi ndani yake. Sheria ya madini ya 2018 inatenga 10% ya redevance kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kweli, Rubaya iko mikononi mwa M23 tangu 2024, lakini kobalti na shaba za Katanga zinaendelea kulipa. Sehemu ya pesa hiyo inunulie vyuo vikuu vya Bukavu na Lubumbashi tanuru na vifaa vya kupima gesi. Au mwanafunzi aendelee kusoma tantali katika vitabu vya Ulaya, huku magunia yake yakipita barabarani?