Mlima Si Adui Yetu

Ingia kanisa lolote kuanzia Machame hadi Rombo siku ya Jumapili, usikilize kwaya. Haitapita saa moja kabla hujausikia mlima ukiimbwa, na mlima huo karibu kila mara ni mbaya. Ni mlima wa madeni, wa maradhi, wa maadui na hila zao. Bwana anaombwa auvunje, ausawazishe, autose baharini. Makofi yanapigwa, vigelegele vinajibu, waumini wanasimama. Mawingu yakifunguka utaiona Kibo, kilele cha Kilimanjaro, dirishani imekaa mahali pake, na maji ya ubatizo yaliyowekwa hapo madhabahuni yameshuka kutoka huko.

Mimi ni mwalimu wa kwaya katika usharika wa Kilutheri kwenye miteremko hii. Kabla ya hapo nilikuwa mgumu, kama tunavyoitana sisi tuliobeba mizigo ya wageni kupanda Kilimanjaro. Kazi hizo mbili zimenifikisha kwenye neno moja, nami nalisema bila kuzunguka: sisi watunzi tunaoishi chini ya mlima mrefu kuliko yote barani Afrika tumezoea kuuimba mlima kama adui, na huu ulio juu yetu, unaotulisha, tumeuacha bila wimbo.

Naheshimu mahali ilikotoka picha ya mlima wa kuhamishwa. Imo katika Mathayo sura ya 17, Yesu anapofundisha juu ya imani ndogo mfano wa punje ya haradali. Imo katika Zekaria sura ya 4, Zerubabeli anapoahidiwa kwamba mlima mkubwa ulio mbele yake utakuwa tambarare. Lakini tusiishie hapo. Musa alipewa sheria Sinai. Eliya, akiwa amechoka hata kuomba afe, alitembea mpaka Horebu, na huko ndiko Mungu alikosema naye, upepo na tetemeko na moto vilipokwisha kupita. Yesu mwenyewe alipotaka kuomba faraghani alipanda mlimani. Ziko pia zaburi 15, kuanzia ya 120 hadi ya 134, zinazoitwa za kupanda, ambazo huhesabiwa kuwa nyimbo za mahujaji waliokwenda Yerusalemu kwa miguu, kundi kwa kundi, wakiimba njiani. Ile ya 121, kipenzi cha kwaya zetu, ni mojawapo. Mlima wa humo hauvunjwi wala hautupwi popote. Unatazamwa.

Wazee wetu walijua kuutazama. Kabla wamisionari wa Leipzig hawajafika mwaka 1893, walimwomba Ruwa, Mungu wao, wakiwa wameelekea Kibo, na maiti walizikwa nyuso zikielekezwa huko. Nina imani yangu na sitafuti nyingine. Ninachokitamani kwao ni ule uangalifu, ile hali ya mtu kuishi na mlima kama anavyoishi na mkubwa wa ukoo, akijua leo ameamkaje.

Hadithi ya Kibo na Mawenzi kila mtoto wa huku amekua nayo. Walikuwa majirani. Mawenzi alizimikiwa moto, akaenda kuomba kwa Kibo, akapewa. Akarudi kuomba tena, na tena, hadi Kibo akapandwa na hasira, akamtwanga kwa mchi. Ndiyo maana mpaka leo Mawenzi amechongoka na kumeguka. Mimi niliitungia hadithi hiyo wimbo wa Kwaresima, nikaanzia pale wazee walipoishia. Kibo, aliye mkubwa na mwenye nguvu, anashuka na jani la isale mkononi kwenda kwa Mawenzi. Kwetu, mtu uliyemkosea ukimpelekea jani la isale, inamuwia vigumu sana kukunyima msamaha. Besi wanaanza peke yao, kwa nota mbili tu, zile zile, taratibu, maana kati ya vilele hivyo kuna uwanda mkavu wa mawe na upepo na ni mwendo wa saa nyingi. Tenori wanawapokea katikati. Soprano hawafungui kinywa mpaka jani lipokelewe.

Baada ya mazoezi ya kwanza mama mmoja wa sauti ya pili alinisubiri mlangoni. Akaniambia, "Mwalimu, Kibo wa ukoo wetu namjua. Bado hajashuka." Hakuongeza neno, nami sikumuuliza. Wimbo wa mlima wa majaribu usingemfanya aseme hivyo, kwa sababu katika wimbo ule kila mtu ni mwonewa na hakuna mwenye mchi.

Watu wa pwani wametutangulia mbali katika jambo hili. Sikiliza taarabu ya Unguja au Lamu inapoimba mapenzi: kaskazi na kusi kila mmoja ana msimu wake na tabia yake, mashua ina tanga na demani, maji yana kupwa na kujaa. Mshairi wa pwani akisema mpenzi wake ni bahari, msikilizaji anajua ni bahari ipi, saa ngapi, na chombo gani kitaivuka. Sisi wa milimani tunasema mapenzi yetu ni marefu kama Kilimanjaro, tukanyamaza. Urefu ni jambo dogo kuliko yote uwezayo kusema juu ya mlima huu.

Hata wimbo unaovuma zaidi kambini si wa kwetu. Wageni wakiamka, wakifika, wakiagana na sisi, tunawaimbia "Jambo Bwana", tumepachika Kilimanjaro ndani yake. Wimbo huo uliandikwa na Teddy Kalanda Harrison wa bendi ya Them Mushrooms, iliyokuwa ikipiga katika mahoteli ya pwani ya Kenya, ukarekodiwa mwaka 1982. Ni wimbo mzuri, na nimeona mgeni aliyekata tamaa akiinuka kwa sababu yake. Ila ulizaliwa ufukweni, kwenye joto na minazi. Upo mwingine unaotaja Kilimanjaro na Mawenzi, nao unaimba urefu. Mgeni anarudi kwao akiamini huo ndio moyo wa watu waliombebea hema.

Sasa fikiria ni nini ambacho hakijaimbwa. Ukishapita msitu wa mbega na kutokea Horombo, mita 3,720, unakutana na senesio, mimea mikubwa inayozidi kimo cha mtu, isiyoangusha majani yake yaliyokufa. Yanabaki yameukumbatia mti mwaka hadi mwaka, na hayo makavu ndiyo yanayolikinga shina na jalidi ya usiku. Kuna lobelia ambayo jua likizama hufunga majani yake kuulinda moyo wake, asubuhi ikafungua. Mtunzi anayetafuta namna ya kuimba habari ya mjane aliyezeeka na kumbukumbu za mumewe, au ya mama anayewafunika wanawe, ataacha kuokota maneno yale yale ya redioni akiiona mimea hiyo mara moja. Na chini yake msitu unakusanya mvua na ukungu, unayashusha maji kwa Weruweru, Kikafu, Karanga na Himo, yanapita migombani kwa mifongo iliyochimbwa na mababu, yanaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, yanafuata Pangani mpaka Bahari ya Hindi. Safari nzima ya maji, na wimbo sijausikia.

Urafiki nao haujaimbwa. Juu kule urafiki una uzito unaopimika, kwa sababu mzigo wa mgumu hupimwa getini usizidi kilo 20, na kilo moja unayompokea mwenzako aliyeumwa kichwa unaijua mgongoni hadi jioni. Nakumbuka usiku wa kambi ya Kibo, baridi imekaza, tumejibana katika hema la jiko. Mwenzetu wa Usangi alipasha maji kidogo, akatawadha, akaswali akielekea kaskazini, maana kutoka Kilimanjaro Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja. Mwingine, Mkatoliki wa Kilema, alikuwa na rozari yake. Mimi nilikuwa nikisema sala za Kilutheri nilizofundishwa kipaimara. Ugali ulipoiva tulikula sinia moja. Asubuhi yule wa Usangi alinivalisha glavu zake kwa sababu zangu zilikuwa zimelowa, akatumbukiza mikono yake katika soksi. Hakuna aliyetoa hotuba juu ya dini kuishi pamoja. Ningependa siku moja kusikia wimbo wenye soksi hizo ndani yake, na mwenye kuuimba awe yeyote kati ya sisi watatu.

Mapenzi ya mlimani hayajaimbwa kabisa, na hapa nawalaumu vijana wa muziki wa kizazi kipya wanaotoka Moshi na kwenda kuimba magari ya Dar es Salaam. Mke wa mgumu anabaki na siku sita au saba za kutazama juu. Anajua usiku upi mumewe anavuka kwenda kileleni. Anaamka saa saba, anatoka uani, anaangalia kama kuna nyota au wingu. Wapo wanaosema wanaziona taa za kichwani zikipanda kama mstari. Mwanamke huyo ana wimbo wa mapenzi ambao hakuna mji unaoweza kuutunga.

Haya si mageni duniani. John Denver, mwimbaji Mmarekani aliyehamia Aspen katika jimbo la Colorado, alikwenda kupiga kambi na marafiki kando ya ziwa Williams usiku wa vimondo, na katika usiku huo ndimo ulimochipuka "Rocky Mountain High", uliotoka mwaka 1972. Ndani yake kuna rafiki, kuna Mungu, kuna hofu ya milima kuharibiwa. Mwaka 2007 bunge la jimbo liliufanya kuwa wimbo rasmi wa pili wa Colorado. "Annie's Song" wa mwaka 1974 aliutunga kwa ajili ya mkewe akiwa kwenye kiti cha waya kinachopandisha watelezaji wa theluji mlimani huko huko Aspen. Alikuwa na mahali, watu na usiku anaoujua. Hivyo vyote tunavyo, tena katika mlima wa mita 5,895.

Wakati nao hautusubiri. Kati ya mwaka 1912 na 2007 Kilimanjaro ilipoteza takribani asilimia 85 ya eneo lake la barafu. Oktoba 2020 moto uliwaka mlimani kwa siku nyingi. Usiku tuliuona kutoka mijini, mstari mwekundu pale palipozoea giza, na watu wakajitolea kupanda kwenda kuuzima. Msiba mkubwa namna hiyo katika ukoo wowote ungekuwa umetungiwa maombolezo. Nilitegemea kwaya zetu ziyalete. Tuliendelea kuomba milima iondolewe.

Nimekwisha kuulizwa na mchungaji mmoja, kwa upole, kama nyimbo za namna hii hazitawarudisha watu kuiomba Kibo. Nilimjibu kwamba anayeimba jinsi mto ulivyofika shambani kwake, akamshukuru aliyeuleta, hajachanganya mto na mwenye mto. Ninaogopa zaidi waumini wanaoimba miaka 30 kwamba mlima ni wa kung'olewa, kisha tunashangaa kijana akiingia msituni na panga na msumeno bila moyo kumshtuka. Midomo ya watoto wetu tunaifundisha sisi walimu wa kwaya, kila Jumamosi alasiri.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, kabla ya mashindano ya kwaya ya mwaka huu, tunga wimbo mmoja wa mlima unaouona. Wapeleke waimbaji msituni kwanza, watembee na mtu anayeijua njia. Taja mto wako kwa jina. Mweke rafiki ndani yake, na mpenzi, na Mungu unayemwamini. Nanyi wenye kampuni za utalii, waulizeni wagumu wenu wana wimbo gani wao wenyewe, muwape nafasi wauimbe kambini, na jina la mtunzi litajwe mbele ya wageni.