Fyuzi ya draya haijakatika bure, acheni kuunga dairekti!

Wadau, leo nina hasira kidogo, mnivumilie. Mada ni draya, ile mashine ya kukaushia nguo. Ndugu zangu wa Bongo mnaweza kucheka, maana kwenu kamba na jua vinatosha. Lakini huku Marekani Januari theluji inafika magotini, utaanika wapi? Ndiyo maana nyumba nyingi tunazopanga wanafunzi zina draya kuukuu huko chini, na kila muhula lazima mmoja wetu alalamike: "Inazunguka lakini haitoi joto."

Ikitokea hivyo kila mtu anakuwa fundi. Na ushauri ni ule ule: fungua nyuma, tafuta kale kafyuzi kadogo, ungua haijaungua weka kipande cha waya, pitisha umeme dairekti, kazi kwisha. Kaka mmoja hapa, mtu mzima kabisa, kaniambia, "Dogo, mbona mimi yangu mwaka wa pili huu inapiga kazi?" Shikamoo kaka, lakini hapo umeniudhi.

Hebu tuelewane. Ile ni fyuzi ya joto. Kazi yake moja tu: joto likizidi kiwango, inakatika, na ikikatika hairudi tena. Yaani ni mlinzi anayekufa getini ili wewe uamke. Sasa wewe unamkuta mlinzi kafa, badala ya kuuliza nani kamuua, unaliacha geti wazi na kwenda kulala! Huo ndio ufundi?

Anayetaka kujua ugonjwa afuate njia, si ngumu. Anza kwenye breka. Draya ya umeme ya huku inatumia volti 240, ambazo ni laini mbili za 120. Mota inazunguka kwa laini moja, koili ya joto inahitaji zote mbili. Kwa hiyo laini moja ikipotea, ngoma inazunguka vizuri kabisa huku nguo zinabaki mbichi. Breka ina pande mbili. Izime kabisa halafu uiwashe upya. Kuna watu wamenunua vipuri bure kumbe tatizo lilikuwa hapo.

Kama siyo breka, chomoa plagi. Narudia, CHOMOA PLAGI, kuzima kwa kitufe hakutoshi. Kisha kabla ya kugusa mita, toa lile bomba la kutolea hewa nyuma ya mashine uchungulie. Mara nyingi utakuta pamba pamba za nguo zimejaa hadi mkono haupiti. Hewa ya moto ikikosa njia inarudi ndani, joto linapanda, fyuzi inakatika. Muuaji wa mlinzi mara nyingi ni huyo.

Halafu chukua mita, weka kwenye omu. Fyuzi nzima inasoma karibu na sifuri. Iliyokatika haisomi kitu. Koili nzima, ukishaitoa waya zake, inasoma kama omu 10 hivi. Pima pia kati ya koili na bodi ya chuma: hapo mita isisome kitu. Ikisoma, koili imekatika au imelegea na kugusa bodi, na inaweza kuendelea kuwaka hata kidhibiti joto kikishakata. Kidhibiti chenyewe nacho kinaweza kuganda kisikate. Ukishampata mkosaji, ndipo unaweka fyuzi mpya, ambayo bei yake ni dola chache tu. Chache! Viatu vya dola 100 tunanunua.

Wanaosema "yangu mbona haijaungua" nawapa namba. Idara ya zimamoto ya serikali ya Marekani, USFA, ilikadiria kwamba kati ya 2008 na 2010 draya zilisababisha moto kwenye makazi mara 2,900 kila mwaka, watu 5 wakifa na 100 wakijeruhiwa kwa mwaka. Sababu iliyoongoza, asilimia 34, ni kutosafisha. Pamba pamba zile zile! Sasa mashine imejaa pamba, koili inawaka, na fyuzi umeipiga waya. Kitakachozima joto ni nini? Dua?

Na tusiwaachie wenye nyumba. Hapa tunapokaa, fundi aliyeletwa na mwenye nyumba ndiye aliyeunga huo waya, halafu akatuambia imepona. Juu ya mashine hiyo tunalala watu wanne na mtoto wa miaka miwili. Yeye analala kwake. Kodi anaipokea tarehe moja bila kuchelewa, ila fyuzi ya dola chache imemshinda.

Msidhani ni ugonjwa wa huku tu. Nyumbani nako pasi ikisumbua, kidhibiti joto kinaunganishwa moja kwa moja. Fyuzi ya nyumba ikikatika, inasokotwa waya wa shaba. Tunaita ujanja. Tumezoea kumsifu anayewasha taa haraka kuliko anayeuliza kwa nini ilizimika.

Kwa hiyo wapangaji wenzangu: mkikuta waya pale pa fyuzi, msiiwashe. Piga picha, mwandikie mwenye nyumba kwa maandishi, dai fyuzi mpya NA bomba lisafishwe. Chujio safisheni kila mkikausha. Na wewe kaka wa mwaka wa pili, toa huo waya leo. Una majirani.

Nawasilisha.